VAR, Mstari wa Goli na Usiku wa Pretoria

Usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao ndani ya banda umiza moja la Temeke, nikiwa nimelipa shilingi 500 mlangoni ili nitazame jambo ambalo, kwa haki kabisa, halikunihusu. Mimi ni mtu wa Simba tangu utotoni, na Simba ilikuwa na mechi yake usiku huohuo mjini Cairo dhidi ya Al Ahly. Lakini Yanga walikuwa Pretoria, katika uwanja wa Loftus Versfeld, wakirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na sitaficha kwamba nilikwenda kuwaombea mabaya. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, na watu waliingia wakitokea tarawehe, kanzu zikiwa bado mwilini, wengine wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi. Mechi ya kwanza, kwa Mkapa, ilikuwa imemalizika bila bao.

Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki aliachia shuti la mbali. Mpira ulimpita kipa Ronwen Williams, ukagonga mtambaa wa panya kwa upande wa chini, ukadunda ardhini, kisha ukarudi uwanjani. Banda lililipuka. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aliinua mikono yote miwili akasahau kwamba mmoja ulikuwa na kikombe, kahawa ikamwagika begani mwa jirani yake, na jirani wala hakugeuka. Halafu kelele zikaanza kupungua, kwa sababu mwamuzi wa kati, Dahane Beida wa Mauritania, hakuwa ameonyesha kati, na sote tulijua kwamba neno sasa lilikuwa limehamia kwenye chumba cha video. Marudio yakapita kwenye runinga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila pembe ikija na jibu lake. Watu wakaketi mmoja mmoja. Mimi nilinyamaza kimya. Mwishowe mchezo ukaendelea bila goli, dakika 90 zikaisha 0-0, na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Tangu siku ile nimesoma na kusikia mengi kuhusu VAR, yaani waamuzi wasaidizi wanaokagua matukio kwa video, na sehemu kubwa ya mjadala huwa ni ugomvi wa kambi mbili, yaani wanaosema imeleta haki na wanaosema imeua mpira. Mimi naona kambi zote mbili zinaizungumza mashine kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo zinapokosea. Lililotokea Pretoria halikuwa tatizo la mashine kuingilia mchezo kupita kiasi. Shida yake ni kwamba kulikuwa na swali lenye jibu la hakika, jibu ambalo lingeweza kupatikana ndani ya sekunde moja, lakini kifaa cha kulijibu hakikuwapo uwanjani, na mahali pake paliwekwa kifaa kingine ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Tuanze na mpira wenyewe. Kanuni inasema goli ni pale mpira wote unapovuka mstari wote, uwe chini au hewani. Mzingo wa mpira ni kati ya sentimita 68 na 70, maana yake upana wake ni takribani sentimita 22. Sehemu inayogusa majani ni ndogo tu pale katikati, na pande zote mbili mpira unatokeza hewani kwa sentimita 11 hivi. Kwa hiyo mpira unaweza kudunda sentimita 10 nyuma ya mstari, ukaona kwa macho yako nyasi za kijani kati ya chokaa na mahali ulipogusa, na bado lisiwe goli, kwa sababu sentimita moja ya ubavu wake bado inaning'inia juu ya mstari. Asiyeamini achukue chungwa na kipande cha kamba, avilaze juu ya meza, kisha aangalie kwanza akiwa amesimama wima juu yake, halafu ahamie pembeni, hatua mbili kushoto. Ataona chungwa lilelile likivuka na kutovuka, bila kuguswa na mtu.

Hayo ndiyo yaliyowakuta watu wa chumba cha video usiku ule. VAR haina macho yake yenyewe kwenye mstari wa goli. Inategemea kamera za televisheni, na kamera hizo huwekwa ili mtazamaji aione mechi vizuri: moja katikati ya uwanja, nyingine usawa wa eneo la penalti, nyingine nyuma ya goli. Kama hakuna iliyokaa sawasawa na mstari wenyewe, basi picha zote zinazopatikana ni za hatua mbili kushoto. Teknolojia ya mstari wa goli ni kitu tofauti kabisa. Hiyo hutumia kamera zake maalumu, kwa kawaida saba kwa kila goli, zinazoufuata mpira tu, na mpira ukivuka, saa ya mwamuzi mkononi inatikisika kabla ya sekunde moja kupita. Hakuna anayeitwa pembeni kutazama kioo, na hakuna anayebishana. Ilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia mwaka 2014 nchini Brazil, miaka minne kabla ya VAR kufika huko, na iliharakishwa na aibu ya Bloemfontein mwaka 2010, pale shuti la Frank Lampard wa England lilipogonga mwamba na kuanguka ndani ya goli la Ujerumani, likaonekana na dunia nzima isipokuwa mwamuzi na msaidizi wake.

Sisemi kwamba kifaa hicho hakikosei. Tarehe 17 Juni 2020, ligi ya Uingereza iliporejea baada ya kusimama kwa ajili ya korona, kipa wa Aston Villa aliudaka mpira akaingia nao ndani ya goli lake mwenyewe, na saa ya mwamuzi haikutikisika kwa sababu miili ya wachezaji ilikuwa imezikinga kamera. Chumba cha video nacho kikanyamaza. Sheffield United wakanyimwa goli lao, mechi ikaisha 0-0, na mwisho wa msimu Villa wakaponea kushuka daraja kwa tofauti ya pointi moja. Lakini tukio hilo linakumbukwa kwa sababu ni la nadra, kama vile ajali ya ndege inavyokumbukwa kuliko ya bodaboda.

Nina sababu yangu binafsi ya kuwaonea huruma waamuzi. Miaka kadhaa iliyopita, katika fainali ya ndondo moja ya mtaani ambayo zawadi yake ilikuwa mbuzi, mshika kibendera mmoja hakutokea, nami nikapewa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ufito wa mti, nikaambiwa nisimamie upande wa barabara. Nilijua kuotea ni nini, au nilidhani najua. Sikujua kwamba mtu mwenye kibendera anatakiwa kutazama mahali pawili kwa wakati mmoja: mguu unaotoa pasi, na bega la anayekimbia mita 30 mbali na mguu huo. Jicho haliwezi. Linatazama mguu, kisha linaruka kwenda kwenye bega, na katika kuruka huko mkimbiaji ameshapiga hatua. Dakika za mwisho kijana mmoja alichomoka, akamzunguka kipa, akafunga, na kibendera changu kilikuwa tayari kiko juu. Nilizungukwa na watu kama arobaini. Mbuzi akaenda kwa wengine.

Wiki moja baadaye nilikutana na yule kijana kwenye kibanda cha chipsi. Hakunitukana. Aliniambia, kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi, "Kaka, sikuwa nimeotea. Wewe ulikuwa unamwangalia mpiga pasi." Nikamwambia ni kweli. Mpaka leo tunasalimiana. Kama siku ile kungekuwa na kifaa cha kuniambia ukweli sikioni, ningekipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo ninapolalamikia VAR, msinihesabu miongoni mwa wanaotamani zama za Maradona, ambaye mwaka 1986 aliifunga England kwa mkono mbele ya mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia, akaondoka na ushindi.

Ila hata kwenye kuotea, mahali ambapo mashine ilipaswa kuwa bingwa, iliingia na majivuno kuliko uwezo wake. Picha za televisheni zinazotumika kuchora ile mistari hupigwa, kwa kawaida, 50 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia kwa kasi ya mita nane kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Sasa, ni picha ipi kati ya hizo mbili iliyoonyesha mguu ukiuachia mpira? Mtu anachagua, kwa macho, kisha juu ya uchaguzi wake inachorwa mistari myembamba kama uzi, na goli linafutwa kwa sababu ya kwapa au ncha ya kiatu. Kipimo kilichokuwa na mashaka ya sentimita kadhaa kilitoa hukumu za sentimita mbili au tatu, nasi tukaambiwa ni sayansi. Miaka mingi mashabiki wa Uingereza waliishi na utaratibu huo.

Nakubali kwamba mambo yamesogea. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 zilifungwa kamera 12 chini ya paa la kila uwanja, zikimfuata kila mchezaji kwa alama 29 za mwili wake mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira kulikuwa na kihisio kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, hivyo wakati wa kupigwa mpira ukawa unajulikana bila mtu kukisia. Goli la Enner Valencia wa Ecuador, katika mechi ya ufunguzi dhidi ya Qatar, lilifutwa mapema kabisa kwa utaratibu huo. Kila mtu kwenye sebule niliyokuwa alipinga, hadi mchoro ulipoonyeshwa tukaona ule mguu. Hapo mashine ilitenda haki, na ilifanya hivyo kwa kuwa swali lilikuwa la kipimo na kipimo kilikuwapo.

Mambo yanaharibika pale swali linapokuwa si la kipimo. Wakati VAR ilipoingizwa rasmi kwenye kanuni za soka mwezi Machi 2018, iliruhusiwa kuingilia mambo manne tu, yaani goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Tena iliwekewa sharti kwamba mwamuzi asahihishwe pale tu alipofanya kosa la wazi na dhahiri. Maneno mazuri. Miezi minne baadaye, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow, matokeo yakiwa 1-1, mpira wa kona ulimgusa mkononi Ivan Perišić wa Croatia. Mwamuzi Néstor Pitana wa Argentina alikwenda kwenye kioo pembeni ya uwanja, akatazama, akaanza kuondoka, akarudi kutazama tena, kisha akatoa penalti. Antoine Griezmann akafunga, na Ufaransa ikaenda kushinda 4-2. Sisemi haikuwa penalti. Ninachouliza ni hiki: kosa linalomlazimu mtu mzima mwenye uzoefu kulitazama, kuliacha na kulirudia, uwazi wake uko wapi?

Kuna jambo jingine kuhusu kile kioo ambalo watu wa mpira wanalijua lakini halisemwi vya kutosha. Picha ikipunguzwa mwendo, nia inaonekana mahali ambapo haikuwapo. Mkono ulioguswa na mpira kwa bahati mbaya, ukionyeshwa taratibu, unaonekana kama mkono uliosubiri. Mguu uliochelewa sehemu ndogo ya sekunde unaonekana kama mguu wa mtu aliyekusudia kuvunja mfupa. Mwamuzi anaitwa wakati kioo kimeshasimamishwa kwenye picha mbaya kuliko zote, sauti sikioni imeshamweleza kuna tatizo, uwanja mzima unampigia kelele. Ni wachache mno wanaorudi kutoka kwenye kioo kile wakiwa na msimamo waliokwenda nao, na sidhani ni kwa sababu kila mara walikuwa wamekosea.

Na tusisahau kwamba nyuma ya mashine wamo watu. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham, mshika kibendera akasema ameotea, na chumba cha video kikaona wazi kwamba hakuotea. Lakini waliokuwa chumbani walidhani uamuzi uliotolewa uwanjani ulikuwa goli, hivyo wakajibu kwamba ukaguzi umekamilika na kila kitu kiko sawa, mpira ukaanzishwa kwa adhabu ya kuotea, na ndani ya sekunde chache wakatambua walichokifanya. Kanuni haikuwaruhusu kurudi nyuma. Liverpool wakapoteza 2-1. Sauti za chumba kile zilitangazwa hadharani baadaye, na ukizisikiliza unasikia watu wakishtuka, wakihangaika, wakikata tamaa. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake bila dosari. Kilichokosekana ni sentensi moja kamili kutoka kinywa kimoja kwenda sikio lingine.

Barani kwetu tumekuwa na somo kali zaidi, nalo lilitangulia. Mei 31, 2019, katika uwanja wa Radès nchini Tunisia, Wydad Casablanca walisawazisha dhidi ya Espérance katika marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, goli likakataliwa kwa madai ya kuotea, nao wakadai likaguliwe kwa video. Wakaambiwa mitambo ya VAR haifanyi kazi. Vifaa vilikuwa pembeni ya uwanja, kila mtu aliviona, lakini vilikuwa kama jiko lisilo na gesi. Wachezaji wa Wydad wakagoma kuendelea, ikapita zaidi ya saa moja watu wakibishana nyasini, na mwisho kikombe kikakabidhiwa kwa Espérance katika mechi ambayo haikumalizika. Kabla ya VAR kuwapo, goli lile lingekuwa dhuluma ya kawaida, watu wangelalamika wiki mbili na maisha yangeendelea. Ahadi ya VAR ndiyo iliyoligeuza kuwa mgogoro, kwa maana mtu uliyemwahidi maji hulalamika kuliko yule aliyezoea kiu.

Ndiyo maana nayaona ya Radès na ya Pretoria kuwa ya ukoo mmoja. Soka la Afrika limepewa jina la VAR kabla ya kupewa vifaa vyake vyote, na mwamuzi wa Kiafrika anapandishwa mbele ya mamilioni akiwa na kamera chache kuliko anazozipata mwenzake wa Ulaya, kisha anahukumiwa kana kwamba anazo zote. Baada ya mechi ya Pretoria nilisikia mitaani kila aina ya tuhuma dhidi ya Beida: kanunuliwa, katumwa, kapangwa. Mimi sina ushahidi wa lolote kati ya hayo. Ninachokiona ni mtu aliyeulizwa swali la sentimita, akapewa picha za pembeni, na kanuni inayosema kama huna uhakika, usilibadilishe lililoamuliwa. Kwa macho yangu lilikuwa goli. Lakini macho yangu nayo yalikuwa yanatazama kupitia kamera zilezile.

Furaha nayo ina hesabu yake. Zamani mpira ukiingia wavuni, unachofanya ni kumtupia jicho mshika kibendera. Kama kibendera kiko chini, unaruka. Siku hizi unaruka nusu. Nilikuwa kwa Mkapa kwenye mechi moja ya kimataifa ambapo bao lilifungwa, watu elfu kadhaa wakasimama, kisha wakabaki wamesimama na mikono kichwani dakika mbili tatu bila kuambiwa ni nini kinachokaguliwa. Wa nyumbani waliokaa mbele ya runinga walijua zaidi kuliko sisi tuliolipa kiingilio. Katika Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023 waamuzi walitangaza kwa kipaza sauti uamuzi wa video na sababu zake, na naona hilo peke yake limeufanyia mchezo wema kuliko mistari mingi ya rangi.

Wasweden wameamua kutoitaka kabisa. Klabu zao, ambazo kwa sehemu kubwa ziko mikononi mwa wanachama, zilikataa VAR kwenye ligi yao kuu na zimebaki na msimamo huo. Uingereza, klabu ya Wolves iliitisha kura mwezi Juni 2024 ili iondolewe, ikashindwa 19 kwa 1. Mimi nisingepiga kura na Wolves, wala nisingewafuata Wasweden, maana nawajua waamuzi wa ligi zetu na najua shinikizo linalowakabili. Ningependa iachwe kwenye mambo yanayopimika na yale ambayo mwamuzi hakuyaona kabisa, kama kiwiko nyuma ya mgongo wake, na iondolewe kwenye ule uchunguzi wa kila mkono ulioguswa na kila jezi iliyovutwa wakati wa kona. Na mwaka 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika litakapochezwa Tanzania, Kenya na Uganda, kabla hatujapigiwa hotuba za viti na taa, ningeomba mtu aulize kama zile kamera saba za kila goli zimeshafungwa.

Usiku ule, penalti zilipokwisha, mwenye banda alituhamishia Cairo. Huko nako Simba ilifungwa 2-0, ikatoka, na watu wa Yanga waliobaki hawakuwa na nguvu hata ya kunicheka. Tulipokuwa tunatoka, yule mzee wa kahawa alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, we si mtu wa Simba?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Niambie kweli basi. Ule mpira uliingia, haukuingia?"

Nikamjibu kwamba, kwa nilivyoona, uliingia. Akanitazama kidogo, akaiweka kofia yake vizuri kichwani.

"Sasa mbona wakati wanakagua ulikaa kimya?"